Jinsi ya kuiona Hygiea, asteroidi ya ukanda wa nje, ukiwa Moshi au Arusha

Desemba 16, 1938, jiwe lilianguka kutoka angani huko Ivuna, kusini-magharibi mwa nchi yetu. Kilichookotwa kilikuwa na uzito wa gramu 705 tu, hakifiki hata kilo moja ya sukari, tena cheusi kama mkaa. Leo mtaalamu wa vimondo popote duniani akiandika herufi CI kwenye lebo ya sampuli, hiyo C ni kaboni na hiyo I ni Ivuna. Chombo cha Wajapani, Hayabusa2, kilipoleta vumbi na changarawe za asteroidi Ryugu mwaka 2020, zilipopimwa zikaonekana ni za jamii hiyohiyo ya Ivuna.

Nimeanza na jiwe hilo kwa sababu watu wengi huniambia asteroidi, ile miamba inayolizunguka Jua, ni mambo ya mbali, ya wenye maabara na maroketi. Si kweli. Miamba myeusi yenye kaboni, jamaa za jiwe lile, imejaa zaidi sehemu ya nje ya ukanda wa asteroidi, kati ya Mirihi na Mshtarii. Mkubwa kuliko yote katika sehemu hiyo ya nje ni Hygiea, wenye kipenyo cha kilomita 430 hivi, kama safari ya barabara kutoka Arusha hadi Dodoma kupitia Babati. Annibale de Gasparis aliugundua akiwa Napoli, Italia, Aprili 12, 1849, ukawa wa kumi katika orodha, ndiyo maana jina lake rasmi ni 10 Hygiea. Huzunguka Jua kwa miaka mitano na nusu na ushei. Na wewe uliyeko Majengo, Pasua, Sakina au Usa River unaweza kuuona kwa jicho lako mwenyewe kupitia darubini ndogo. Nitakueleza namna, hatua kwa hatua, kwa jinsi tunavyofanya huku kwetu.

Jua kwanza utakachokiona

Utaona nukta. Hutaona duara, rangi wala mkia. Mwaka 2019 darubini kubwa ya VLT kule Chile ilionyesha kwamba Hygiea ni karibu mviringo kamili, lakini kwa darubini ya nyumbani ni nukta isiyotofautiana hata kidogo na nyota za jirani. Tena ni hafifu, kwa sababu uso wake unarudisha takriban asilimia 7 tu ya mwanga wa Jua unaoupiga.

Kinachoitambulisha ni kitu kimoja: inasogea. Nyota zilizo nyuma yake zimetulia, yenyewe inahama. Inapokuwa karibu nasi zaidi husogea dakika 12 za nyuzi kwa siku (nyuzi moja ina dakika 60), maana yake kwa siku mbili na nusu huhama upana wa Mwezi mpevu. Kwa hiyo kazi hii ni ya angalau usiku mbili. Usiku wa kwanza unachora, wa pili unalinganisha. Ukiona nukta mahali ambapo ramani inasema ipo, bado hujaiona Hygiea. Umeiona ikishahama.

Vifaa

Angavu la nyota hupimwa kwa namba, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo nuru inavyofifia. Macho matupu kwenye giza zuri hufika 6. Hygiea ikiwa katika hali yake nzuri huwa kati ya 9 na 10 na kidogo. Hapo ndipo tunapojua kifaa gani kitafaa.

Mikoa yetu ina bahati moja kubwa: binokula zimejaa. Kila mwongoza watalii wa Arusha ana moja shingoni, nyingi zikiwa za 10x42 au 8x42 (namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita), na msimu wa watalii ukipoa hulala kabatini. Omba kwa ndugu au jirani. Kwa binokula ya 10x50 iliyofungwa vizuri kwenye stendi, mbali na taa, unaweza kuikamata Hygiea katika mwaka wake mzuri, lakini kwa shida. Ushauri wangu kwa mwenye binokula tu ni kuanza na Vesta, asteroidi ya ukanda wa ndani, ambayo inang'aa kuliko zote na hata binokula ya 8x42 huiona bila taabu. Njia ya kuitafuta ni hiihii. Ukishaizoea Vesta, tafuta darubini.

Darubini ya kioo cha milimita 114 au 130 inatosha kabisa. Usihangaikie kioo, hangaikia stendi. Watu wengi huku wamenunua au kuletewa kama zawadi darubini yenye stendi ya ikweta, ile yenye mhimili unaotakiwa kuelekezwa kwenye ncha ya anga na uzito wa kusawazisha kwa chini. Sisi tuko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Mhimili huo inabidi ulale karibu sambamba na ardhi, na stendi nyingi zimeundwa kwa nchi za kaskazini, hazishuki kiasi hicho. Ukilazimisha, fimbo ya uzito inagonga miguu ya stendi. Na ncha yenyewe ya kusini iko nyuzi 3 juu ya upeo, ndani ya vumbi na miti, huwezi kuilenga. Nimeona darubini nzuri zikiwa zimegeuzwa pambo la sebuleni kwa sababu hiyo tu.

Suluhisho ni stendi ya Dobson: sanduku la mbao linalozunguka kulia na kushoto juu ya kitako, na bomba linainuka na kushuka ndani yake. Fundi seremala yeyote anayejua kutengeneza kabati atakutengenezea kwa plaiwudi ukimwonyesha picha. Ina udhaifu mmoja unaotugusa sisi hasa. Kitu kikifika utosini, sanduku halina tena pa kuzungukia, linakuwa gumu kuliongoza. Asteroidi nyingi hupita karibu na njia ya Jua, na njia hiyo kwetu hupanda juu sana. Nitarudi kwenye hili tukifika kwenye saa.

Vingine ni vidogo: kaunta buku, penseli, bikari ya shuleni, na taa nyekundu. Taa za kichwani wanazovaa wapagazi na waongozaji wa Mlima Kilimanjaro mara nyingi zina kitufe cha mwanga mwekundu. Kama huna, paka kioo cha tochi ndogo rangi nyekundu ya kucha, mikono miwili au mitatu. Na koti. Arusha iko mita 1,400 juu ya bahari na usiku wa Julai hauna mchezo. Moshi iko chini zaidi lakini kukaa saa tatu bila kutembea ni kitu kingine. Majaketi ya mlimani yanapatikana kwenye mitumba pale soko la Memorial.

Kuchagua majira

Kila baada ya siku 445 hivi, Dunia hupita kati ya Jua na Hygiea. Hali hiyo tuiite mkabala: Jua linapozama magharibi, Hygiea inachomoza mashariki, na inakaa angani usiku kucha. Ndipo inapokuwa karibu zaidi, kwa wastani kilomita milioni 320, na nuru yake hutumia dakika 18 hivi kutufikia. Wiki tatu kabla ya mkabala na wiki tatu baada yake ndio muda wa kufanya kazi. Nje ya hapo inafifia haraka, usijitese.

Tarehe ya mkabala utaipata kwenye programu ya Stellarium, ambayo ya kompyuta ni bure. Itafute Hygiea, kisha sogeza tarehe mbele wiki kwa wiki hadi uone inafika juu kabisa karibu na saa sita na nusu usiku. Mbona si saa sita kamili? Kwa sababu saa yetu ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari ulio mashariki zaidi yetu, kwa hiyo usiku wa manane wa kweli Moshi na Arusha huchelewa kwa nusu saa hivi.

Halafu angalia Mwezi. Hapa wengi hujikwaa, maana wanasoma kwamba usiku wa mkabala ndio bora, wanatoka, wanakuta Mwezi mpevu umekaa palepale. Haikuwa bahati mbaya. Mwezi mpevu nao uko mkabala na Jua, kwa hiyo katika majira haya kila unapojaa hupita jirani na asteroidi yako na kuizima. Chagua usiku kuanzia siku nne au tano baada ya Mwezi kujaa, unapochelewa kuchomoza, hadi wiki moja baada ya mwandamo.

Kuhusu mawingu huna haja ya kufundishwa na mimi. Masika ya Machi hadi Mei, sahau. Juni hadi Agosti mteremko wa kusini wa Kilimanjaro na wa Meru hufunikwa na wingu la baridi, ingawa mara nyingine usiku wa manane hufunguka ghafla. Januari na Februari, kisha Septemba na Oktoba kabla ya vuli kukolea, ndiyo miezi ya kutegemea.

Saa na tarehe: mahali pa kuwa makini kuliko pote

Jedwali na programu nyingi za anga hutoa nafasi ya asteroidi kwa saa za UTC. Ongeza 3 upate saa ya Afrika Mashariki. Kisha toa 6 upate saa tunayoisema, na jibu likizidi 12, toa 12 tena. UTC 19:00 ni 22:00 kwetu, yaani saa nne usiku. Kwa saa za usiku njia ya mkato ni kutoa 15 kwenye saa ya UTC: 19 toa 15 ni nne, 21 toa 15 ni sita.

Tabu iko kwenye tarehe. Jedwali linaposema Oktoba 6, 00:00 UTC, hiyo kwetu ni saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 6. Ni usiku ulioanza jioni ya tarehe 5. Mtu akisoma "tarehe 6" anatoka jioni ya tarehe 6, saa tatu usiku, na ramani yake imeshapitwa na saa 18. Kwa saa 18 Hygiea imehama dakika 9 za nyuzi, karibu theluthi ya upana wa Mwezi, na hapo kuna nyota nyingine kabisa yenye angavu linalofanana.

Hilo lilinitokea mimi. Nilichora nyota ya kawaida usiku tatu mfululizo, nikiwa na uhakika ndiyo yenyewe, na usiku wa tatu ilikuwa bado iko palepale. Tangu hapo ninaandika juu ya kila ramani kwa maneno kamili: "Usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, saa nne usiku." Kiswahili chetu kina usemi huo wa kuamkia, nao haumwachi mtu na shaka. Utumie.

Kuhusu saa ya kutazama: kwa sababu ya ule udhaifu wa stendi ya Dobson, usisubiri Hygiea ifike utosini. Saa tatu hadi saa tano usiku iko upande wa mashariki, juu ya vumbi na moshi lakini bado chini ya utosi. Hapo ndipo pazuri. Ukikosa nafasi hiyo, subiri saa nane inapoteremkia magharibi.

Kutengeneza ramani

Utahitaji ramani mbili. Ya kwanza ni pana, nyuzi 20 hivi, yenye nyota zinazoonekana kwa macho tu. Ya pili ni ya karibu, nyuzi 4, yenye nyota hadi angavu la 11. Kwenye Stellarium ya kompyuta kuna kiongezi cha kuhariri mfumo wa Jua kinachokuwezesha kupakua vipimo vipya vya njia ya asteroidi kutoka Minor Planet Center, kituo cha kimataifa kinachotunza orodha ya asteroidi. Kifanye kabla ya kuchora ramani, kwa sababu vipimo vya zamani hukupeleka pembeni kidogo, na kidogo hapa ni kingi. Bando la siku moja linatosha. Kama huna kompyuta, steshenari yenye intaneti itakusaidia, na hapohapo printi ramani yako ikiwa na usuli mweupe na nyota nyeusi, isije ikamaliza wino.

Darubini ya kioo hupindua taswira, juu inakuwa chini na kushoto kulia. Basi igeuze karatasi kichwa chini unapoitazama. Darubini ya lenzi yenye kioo cha kukunja nuru hubadilisha kushoto na kulia tu, na hapo kugeuza karatasi hakusaidii. Printi ramani iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Binokula haipindui kitu.

Mahali, na majirani

Kipimo cha haraka cha giza ni Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizosongamana. Wazee walikitumia kujua majira ya kulima, na mpaka leo methali ya "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua" haijafutika. Kikiwa juu, hesabu nyota zake kwa macho tu. Ukipata sita, anga linafaa. Ukipata tatu au nne, taa zimekuzidi, ondoka mjini. Kutoka Arusha watu huelekea Kisongo na Monduli. Kutoka Moshi, kusini kuelekea Nyumba ya Mungu kuna giza la kweli. Kama huwezi kusafiri, umeme ukikatika mtaani toka nje mara moja, usingoje. Usiingie porini peke yako wala kwenye mapito ya wanyama. Uwanja wa shule au ua wa jamaa unatosha.

Na toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji, mapema, mchana. Watu wawili watatu gizani na bomba limeelekezwa juu, ulinzi wa usiku hauwezi kuacha kuuliza. Mara ya kwanza tulipoweka darubini kijijini kwa mjomba, mzee jirani alikuja na tochi na fimbo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mnapima nini usiku huu, wajukuu? Shamba?"

"Hapana babu, tunaangalia nyota. Karibu uchungulie."

Tulimwonyesha Mshtarii kwanza, na miezi yake minne imejipanga mstari. Alichungulia kwa muda mrefu, akauliza kama ile midogo inazunguka, akaambiwa ndiyo. Kesho yake alikuja na wajukuu zake wa kweli, watano, na kiti chake mwenyewe. Siku zote anza na kitu kinachong'aa kwa ajili ya wageni. Hygiea haimvutii mtu ambaye hajaitafuta.

Usiku wa kwanza

Toa darubini nje nusu saa au zaidi kabla, kioo kipoe. Zima simu au iweke kifudifudi. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 gizani, na mwanga mmoja mweupe wa simu unakurudisha mwanzo.

Tumia lenzi ya kuchungulia yenye kukuza kidogo kuliko zote ulizonazo. Kwa darubini ya 130 yenye urefu wa nuru (umbali kutoka kioo hadi mahali nuru inapokutana) wa milimita 650, lenzi ya milimita 25 hukuza mara 26 na kukupa duara la anga la nyuzi 2 hivi. Lenga nyota inayoonekana kwa macho iliyo karibu zaidi na Hygiea kwenye ramani pana. Kutoka hapo songa polepole, nyota hadi nyota, ukilinganisha na ramani ya karibu: pembetatu hii hapa, mstari wa nyota tatu huu hapa, sasa kushoto kidogo. Ukipotea, rudi kwenye nyota ya kuanzia. Kila aliyeanza anapotea mara nne au tano.

Ukifika eneo lenyewe, fungua kaunta buku na chora kwa bikari duara la upana wa sentimita 10. Weka kwanza nyota mbili tatu zinazong'aa zaidi, hakikisha umbali kati yake ni sahihi kwa kulinganisha na ukingo wa duara. Kisha ongeza zilizofifia, kumi au kumi na tano. Kwa zile za mwisho kabisa usitazame moja kwa moja. Elekeza jicho pembeni kidogo, nukta itajitokeza yenyewe, kwa sababu pembezoni mwa jicho hunasa nuru hafifu vizuri zaidi kuliko katikati. Usichore unachokijua kutoka kwenye ramani. Chora unachokiona. Andika tarehe, saa na dakika, kisha weka kistari kidogo kando ya nukta unayoidhania.

Usiku wa pili

Rudi eneo lilelile, lenzi ileile. Chora duara jipya bila kutazama la jana. Halafu yaweke mawili pamoja chini ya taa nyekundu.

Duara la sentimita 10 linawakilisha nyuzi 2, kwa hiyo mwendo wa siku moja, dakika 12, ni sentimita 1 kwenye karatasi yako. Nukta moja itakuwa imehama kiasi hicho, kuelekea magharibi, na nyingine zote zimebaki. Mawingu yakikuzuia, usikate tamaa: siku tatu ni sentimita 3, na inaonekana waziwazi zaidi.

Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi anaweza kuchukua picha badala ya kuchora. Lenzi ya milimita 135, sekunde 2 kila picha, picha ishirini zinazojumlishwa kwa programu, mara mbili kwa usiku mbili. Ni njia nzuri. Hata hivyo mimi nakushauri uchore angalau mara ya kwanza, kwa sababu jicho linalochora linajifunza eneo lile kuliko kamera itakavyokufundisha.

Ukishaipata

Ziko nyingine za ukanda wa nje zinazofikika kwa kioo cha milimita 130 zikiwa mkabala: 704 Interamnia, 511 Davida, na 52 Europa ambayo Hermann Goldschmidt, mchoraji wa picha, aliigundua akiwa Paris mwaka 1858. 24 Themis ni hafifu zaidi, lakini mwaka 2010 ilitangazwa kwamba juu ya uso wake kuna barafu ya maji, na mimi huitafuta kwa sababu hiyo tu. Wenye darubini kubwa watafurahi kujua kwamba katika orodha zimo pia Tanga, Mombasa, Kenya na Uganda, majina yaliyotolewa na watazamaji wa Johannesburg miaka ya 1930, Cyril Jackson akiwa kinara wao.

Kwenye ukurasa wa nyuma wa kaunta buku andika tarehe ya mkabala uliouona, ongeza siku 445, andika na tarehe inayofuata. Kila mkabala husogea mbele karibu siku 80 kwenye kalenda, na Hygiea inakuwa imehamia takriban makundinyota matatu mbele. Kwa hiyo mkabala ukikuangukia Mei katikati ya mvua, unaofuata utakuwa Julai au Agosti pamoja na wingu la mlimani, na unaofuata huo utakuwa Oktoba, anga likiwa wazi.